Uzi Mwekundu Ndani ya Mashine ya Makasia

Wasikilizaji wapendwa, saa yetu ya kuwakumbuka waliotutangulia imefika. Aliye karibu na kiti akae. Aliye kazini aendelee na kazi yake, maana mama tunayemkumbuka leo hakupenda mtu aache kazi ili amsikilize yeye.

Tunamkumbuka Mama Bobini, fundi wa vyerehani. Aliaga dunia Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Kwa waliofungua redio sasa hivi, narudia: Mama Bobini, fundi wa vyerehani, ametutoka Jumanne ya wiki iliyopita. Ameacha mume, binti mmoja, na mashine moja ya mazoezi ambayo leo nitaizungumzia sana. Nivumilieni. Mtaona kwa nini.

Miaka thelathini na minne alifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Ukumbi mmoja, vyerehani mia mbili, na kila kimoja kina ugonjwa wake. Katika karakana ya mafundi alikuwa mwanamke pekee. Jina la Mama Bobini alipewa na washonaji, kwa sababu mifuko ya gauni lake haikukosa bobini, vile vigurudumu vidogo vya kuzungushia uzi wa cherehani. Binti yake ananiambia kwamba utotoni alikuwa akifua nguo za mama yake huku akisikia vitu vikigongana ndani ya beseni.

Juzi Jumatatu nilikwenda nyumbani kwao na kinasa sauti changu. Nilipokewa na watu watatu. Wa kwanza ni mumewe, Mzee Stempu, tarishi mstaafu wa posta, aliyepeleka barua kwa miguu miaka thelathini. Wa pili ni binti yao, mwalimu wa hesabu. Wa tatu ni mdogo wake Mzee Stempu, fundi baiskeli, ambaye mtaa mzima humwita Pampu.

Nilidhani nitasimuliwa habari za kiwandani, na kweli nilisimuliwa. Lakini kila mazungumzo yalipoanza kwenda mbali, macho yao yalirudi sehemu moja, kati ya kochi na dirisha. Hapo palikuwa na mashine ya makasia.

Kwa wale ambao hawajaiona, ni mashine ya kufanyia mazoezi ndani ya nyumba. Unakaa kwenye kiti kidogo chenye magurudumu, kinachokwenda mbele na nyuma juu ya reli. Miguu unaifunga kwa mikanda. Unashika mpini, unauvuta, na mpini una mnyororo. Mnyororo unazungusha gurudumu kubwa lenye feni. Mwili unafanya kazi kama wa mtu anayepiga kasia, ila humo hamna tone la maji, na ukimaliza bado uko sebuleni kwako.

Mashine hii ilikuwa imetupwa, wasikilizaji wapendwa. Ilikuwa kwenye stoo ya shule anakofundisha binti, chini ya madawati yaliyovunjika, ikisubiri gari la kuchukua vyuma chakavu. Mnyororo ulikuwa na kutu hadi umekuwa kama fimbo. Magurudumu ya kiti yalikuwa yamelika upande mmoja. Kamba ya mpira, ile inayourudisha mnyororo ndani baada ya kuuvuta, ilikuwa imelegea kabisa.

Hii ni miaka minne iliyopita. Kwa nini Mama Bobini aliitaka? Kwa sababu ya mumewe.

Mzee Stempu alikuwa ameteleza kwenye ngazi za nyuma ya nyumba na kuvunjika nyonga. Alipasuliwa, na upasuaji ukaenda vizuri. Miezi ikapita. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja nyumbani, akampima, kisha akasema maneno ambayo familia nzima inayakumbuka: "Mfupa umepona. Mwenye mfupa ndiye bado."

Mzee alikuwa hataki kutoka kitandani. Mtu aliyetembea miaka thelathini alikataa kutembea hatua kumi kwa fimbo. Ananieleza mwenyewe, bila kuona haya, na ninamheshimu kwa hilo: "Mwanangu, mimi nilikuwa nikipita mtaani, mbwa wananijua. Leo nipite nachechemea, mtoto aniulize, babu umefanyaje? Nikaona bora nilale nitazame dari."

Yule mtaalamu alimvuta Mama Bobini pembeni. Alimwambia kwamba mapaja ya mzee yanakonda. Miezi mitatu mingine ya kulala, na hatasimama tena. Akashauri mazoezi ya kukaa na kuvuta, polepole, bila kujikunja sana. Mashine ya makasia ingefaa, alisema, lakini ya hospitali iko mbali na mzee hakubali hata kuvaa viatu.

Siku iliyofuata binti akataja kile chuma cha kwenye stoo ya shule. Mama yake hakuuliza kama ni kizima. Aliuliza, "Gari la vyuma chakavu linakuja lini?"

Pampu aliileta kwa mkokoteni. Mama Bobini akaingia chumbani na spana mkononi. Mazungumzo yaliyofuata nimesimuliwa na wote watatu, kila mmoja kwa wakati wake, na hayakutofautiana.

"Stempu, nimeleta mashine."

"Ya nini?"

"Ya kukuamsha."

Mzee akageukia ukuta. "Nimeisikia ikishushwa. Imelia kama bati linaloburutwa. Hiyo ikizunguka, na mimi nitazunguka."

"Umesema?"

"Nimesema."

"Shemeji," Mama Bobini akapaza sauti kuelekea sebuleni, "umemsikia kaka yako?"

"Nimesikia, shemeji," akajibu Pampu. "Na mimi ndiye shahidi, asije akasema alikuwa na homa."

Mzee alitania. Alijua ile mashine haitazunguka kamwe. Mkewe hakutania. Binti anakumbuka kwamba mama yake alitoka chumbani, akakaa sakafuni, akaipapasa ile mashine mwanzo hadi mwisho kabla ya kufungua hata skrubu moja. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Hii ikinishinda, baba yako hatoki tena kitandani." Halafu akaomba aletewe kopo lake la nyuzi.

Sasa nieleze habari ya nyuzi. Kila fundi ana namna yake, na namna ya Mama Bobini ilikuwa uzi. Alipokuwa mgeni kiwandani alifungua mashine mbili juu ya meza moja. Alipozifunga, zilibaki skrubu tano, na hakuna aliyejua ni za ipi. Alichekwa mwaka mzima. Tangu hapo kila kifaa alichokitoa alikifunga uzi. Mafundo yalikuwa namba: kilichotoka kwanza fundo moja, kilichofuata mafundo mawili. Rangi ilikuwa hali yake. Mweupe: kizima, kisafishwe tu. Njano: kimechoka, kitafutiwe kingine. Mwekundu: usiguse bila kuniuliza. Binti yake alijua rangi hizo kabla hajajua kusoma, ingawa anasema, "Mimi ufundi haukunikubali. Mimi ni mtu wa chaki."

Kazi ikaanza. Mnyororo ulilowekwa katika mafuta ya taa siku tatu, ndani ya beseni la kufulia, na binti hajasahau. Reli ilisuguliwa kwa msasa hadi ikang'aa. Magurudumu ya kiti yakachongwa upya na fundi wa kukereza. Pampu akakata tyubu za baiskeli vipande virefu, akavisuka kama nywele, ikapatikana kamba ya kurudisha mnyororo. Kiti kilikuwa kimebaki mbao. Mama Bobini akakishonea mto kwa turubai nene ya kahawia.

Turubai hiyo ilikuwa mfuko wa barua wa Mzee Stempu.

"Umekata mfuko wangu?" mzee aliuliza, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akainua kichwa kwenye mto.

"Umening'inia ukutani miaka tisa. Umeubeba vya kutosha. Sasa na wenyewe ukubebe."

Wiki ya tatu mashine ikawa tayari. Mama Bobini mwenyewe akakaa, akafunga mikanda, akavuta. Mnyororo ukatoka mwepesi kama uzi kwenye kibonge. Gurudumu halikuzunguka. Akavuta tena. Halikuzunguka.

Kutoka chumbani sauti ikauliza, "Imezunguka?"

"Imekohoa," akajibu Pampu.

"Mpeni pole."

Hapa ndipo penye kosa, wasikilizaji wapendwa, na ni kosa ambalo fundi mzuri tu ndiye angelifanya. Katikati ya lile gurudumu kuna kikombe kidogo cha chuma. Ndani yake mna gololi. Ukivuta mnyororo, gololi hujibana na kulishika gurudumu, likazunguka. Ukirudi, huachia. Mama Bobini alikuwa na amri moja aliyowafundisha mafundi wote wachanga kiwandani: kinachosogea kinywe mafuta. Cherehani kikikosa mafuta hufa. Kwa hiyo kile kikombe alikishindilia grisi. Pampu akamuunga mkono, kwa sababu katika baiskeli kuna kitu kinachofanana nacho, na chenyewe kinakunywa mafuta miaka yote.

Wakafungua, wakaongeza grisi, wakafunga. Haikuzunguka. Wakafungua tena. Mara sita, wasikilizaji wapendwa. Mara sita, na kila mara grisi zaidi. Wiki mbili zikapita hivyo. Mtaalamu wa viungo akaja na utepe wake, akapima mapaja ya mzee, akaandika. Mama Bobini alimsindikiza hadi mlangoni. Binti anasema mama yake aliporudi, alikaa kwenye kile kiti cha turubai bila kushika mpini, akauliza, "Hivi mimi ni fundi au nilikuwa nabahatisha?"

Kisha ikaja chupa ya jemu.

Ilikuwa asubuhi, wakati wa chai. Mama Bobini alitoka kwenye mashine, akapangusa mikono juujuu, akashika chupa ya jemu afungue kifuniko. Mkono ukateleza. Akakaza. Ukateleza tena. Pampu akataka kumsaidia.

"Acha," akamwambia. Akanawa kwa sabuni, akajifuta kwa taulo hadi mikono ikakauka, akashika kifuniko. Kikafunguka mara moja.

Hakula. Alisimama ameshika kifuniko, akitazama viganja vyake.

"Shemeji," akasema, "mkono wenye grisi unashika?"

"Haushiki."

"Sasa tunakishindilia grisi kikombe ambacho kazi yake ni kushika, kwa nini?"

Pampu ananiambia kwamba aliweka mkate chini. "Miaka arobaini natengeneza baiskeli. Nilitamani sakafu inimeze. Gololi za baiskeli ni za kuteleza. Zile ni za kung'ang'ania. Ni watu wawili tofauti kabisa."

Walikiosha kile kikombe kwa petroli, nje uani, mara tatu. Wakakianika juani kwenye sinia. Mama Bobini akakirudisha kikiwa kikavu, bila tone. Fikirieni mtu wa miaka sitini na saba akienda kinyume na amri yake mwenyewe ya miaka thelathini na minne. Mimi nimemaliza masomo juzi tu, na tayari naona ugumu wa kusema nilikosea. Yeye alisema kwa mikono. Kabla ya kufunga kifuniko cha feni, akakata uzi mwekundu, akaufunga ndani, fundo moja.

Akakaa. Akavuta. Gurudumu likashika. Feni ikavuma hadi mapazia ya dirishani yakapepea.

Mzee Stempu anasimulia mwenyewe: "Nilisikia upepo sebuleni. Nikajua nimekwisha."

 Kutoka chumbani wakasikia fimbo. Moja, kituo. Mbili, kituo. Mzee akatokea mlangoni ameshika fremu ya mlango, amevaa fulana na soksi mguu mmoja.

"Nilisema nitazunguka," akasema. "Sikusema nitafurahi."

Siku hiyo alivuta mara nne. Mara nne tu, kisha akarudishwa kitandani anatetemeka. Kesho yake sita. Mtaalamu wa viungo akaweka kiwango: ishirini kila asubuhi, bila kupunguza, kwa mwezi wa kwanza. Mkewe akawa anakaa pembeni na sindano na nguo ya kushona, akimhesabia kwa sauti.

Na hapa nisikilizeni vizuri. Mama Bobini hakuwa mwaminifu katika kuhesabu. Akifika kumi na tisa, alisema kumi na tisa. Mzee akivuta tena, mkewe alisema kumi na tisa. Mzee akilalamika, alimjibu, "Ile ya kwanza ulivuta kama unafunga pazia. Kumi na tisa." Siku nyingine mara mbili, siku nyingine mara tano. Ishirini ya Mama Bobini iliweza kufika ishirini na nne. Mzee alijua. Alinung'unika kila siku, na kila siku alivuta.

Mwezi wa nne alitembea hadi dukani. Mwezi wa sita alipita kwenye mtaa wake wa zamani wa barua, anachechemea kidogo. Mtoto akamuuliza kweli, babu umefanyaje? Akamjibu, "Nimetoka kupiga makasia."

Miaka minne mashine hiyo imezunguka kati ya kochi na dirisha. Majirani wenye magoti mabovu na migongo mibovu walianza kubisha hodi. Mama Bobini akawapangia siku, akawahesabia na wao, kwa udanganyifu uleule. Kila Jumamosi aliupaka mnyororo mafuta kwa kitambaa. Mzee alimwona akifanya hivyo kila Jumamosi. Shikeni hilo.

Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, Mama Bobini alimhesabia mumewe hadi mwisho. Mzee akaenda kuweka maji ya chai jikoni. Aliporudi, mkewe alikuwa kwenye kiti chake, sindano imechomekwa vizuri kwenye nguo kama mtu aliyepumzika kidogo. Moyo ulikuwa umesimama. Alizikwa Alhamisi.

Jumamosi mzee aliamka akakumbuka ni siku ya mafuta. Akasema moyoni, nitaifanya mwenyewe, na nitaifanya vizuri kuliko alivyoifanya yeye. Akapaka mnyororo. Akapaka reli. Kisha, kwa mapenzi tu, akatumbukiza mdomo wa kopo la mafuta kwenye upenyo wa feni, akamimina. Mtu wa barua, wasikilizaji wapendwa. Angejuaje?

Akakaa, akavuta. Mnyororo ukatoka mwepesi. Feni ikakaa kimya.

"Nikamwita binti yangu," anasema. "Nikamwambia, acha, usihangaike. Imekwenda naye." Akarudi chumbani, akajilaza, akageukia ukuta. Ukuta uleule.

Binti alisimama sebuleni, kati ya mlango wa chumba na mashine. Angeweza kumwita Pampu. Lakini anasema miguu yake ilimpeleka kwenye kopo la nyuzi, na kando ya kopo ilikuwepo bisibisi. Akafungua kifuniko cha feni, skrubu moja, ya pili, ya tatu, kila moja akiifunga uzi na mafundo yake. Ndani, mafuta yakichuruzika, akauona uzi mwekundu. Fundo moja. Usiguse bila kuniuliza.

"Nilikaa chini nikamuuliza," binti ananiambia. "Nikamuuliza kabisa, kwa sauti. Mama, hapa pana nini? Halafu nikakumbuka ile chupa ya jemu, maana hadithi ile alituchosha nayo."

Akakiosha kikombe kwa petroli, uani, mara tatu. Akakianika kwenye sinia. Jumapili saa nne asubuhi akakaa kwenye kiti cha turubai, yeye, mtu wa chaki, akavuta. Mapazia yakapepea. Akavuta tena, hakuacha, hadi aliposikia fimbo mlangoni.

Uzi mwekundu bado umo ndani. Wameuacha, umelowa mafuta na umekuwa karibu mweusi. Binti ameongeza mwingine kwa nje, juu ya kifuniko, mahali ambapo hata baba yake atauona.

Kwa niaba ya kituo chetu natoa pole kwa Mzee Stempu, kwa mwalimu, kwa Pampu, kwa mafundi na washonaji waliofanya kazi naye, na kwa majirani wote waliohesabiwa kumi na tisa zaidi ya mara moja. Apumzike kwa amani. Nawe uliyenisikiliza, nenda leo ukaangalie stoo yako. Kisha ukaangalie chumba ambacho mtu wako amegeukia ukuta. Huenda kazi ni ileile moja. Mimi naamini inawezekana, na nimeiona.

Kwa kawaida hapa tungenyamaza dakika moja. Familia imeomba tusinyamaze. Badala yake tutasikiliza sauti niliyoirekodi juzi sebuleni kwao. Mtasikia mnyororo, halafu upepo, halafu magurudumu ya kiti yakirudi. Mtamsikia Mzee Stempu akijihesabia mwenyewe. Akifika kumi na tisa, atasema kumi na tisa, kisha atavuta na kusema tena kumi na tisa.

Hajakosea, wasikilizaji wapendwa. Ndivyo alivyohesabiwa.